Rafu ya Juu

Waraka Kuhusu Uhifadhi wa Chupa za Sumu Majumbani mwa Wafanyabiashara wa Ngozi, wa mwaka 1938, uliagiza chupa ya sumu ya kupaka ngozi iwekwe mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani anayethubutu kugusa. Bwana Humaidi wa Gongoni, mtiifu hata kwa karatasi, alipajua mahali pamoja tu pa namna hiyo: rafu ya juu chumbani, penye chano cha jini wa mkewe Fakhria na kikombe cha marashi cha jini huyo. Karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuja, akachungulia, akasifu.

Ijumaa sumu ilikuwa imepungua vidole viwili. Nta ya kizibo nzima. Kisha nyumba ikaanza kunuka kitunguu saumu, kama anukavyo aliyekula sumu ile, na jikoni hakuna aliyemenya hata punje.

Kesho yake alasiri Fakhria alianguka akishika tumbo, na ile sauti nzito ya kiume waliyozoea kuisikia kinywani mwake ikidai ubani, safari hii ilinong'ona kama ya mtu aliye ndani ya kisima: "Mmeniwekea nini, jamani?"

Humaidi alimkimbilia Damas, dresa wa zahanati, akarudi naye.

"Shikamoo, mama," Damas alimwamkia mama mkwe wa Humaidi, Bi Mwanamkuu. "Amekunywa nini?"

"Marahaba. Yeye hajanywa kitu. Aliyekunywa ni mgeni wake."

Damas aliitazama chupa, akaitazama rafu. "Mimi nimefundishwa kumtibu aliyekunywa. Huyo mgeni ana mdomo wake?"

"Anao huo huo unaouona."

"Tumtapishe," Humaidi alinong'ona.

"Tulia, bwana. Asije akapaliwa tukamzika. Leteni maziwa na ute wa mayai."

Wakamnywesha kidogo kidogo, Humaidi ameshika kichwa cha mkewe, na kila funda lilisikika likimezwa mara mbili, kwanza kooni mwa Fakhria, kisha tena chini zaidi, mahali pasipo na koo, na kule chini kukazidi kuchelewa, kukazidi kufifia, mpaka funda moja likamezwa mara moja tu, na wote watatu wakabaki wametega masikio.

"Ametulia," alisema Damas.

"Nani?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

Fakhria alipona. Karani aliridhika kwamba hakuna mtu aliyedhurika. Ila pumzi ya Fakhria, Humaidi akilala ubavuni pake, ilikuja na harufu ya saumu, baadaye na nyingine, ambayo mfanyabiashara wa ngozi haulizi ni ya nini.

Jini alifia ndani yake, na hakuna aliyejua namna ya kumtoa.