Soketi ya Chumbani kwa Mama

Rafiki yangu, fundi cherehani, hakai tena karibu na ukuta. Mashine ya oksijeni ya mama yake ilitegemea soketi moja iliyolegea. Plagi ilipochezacheza, alikunja kipande cha kitambaa akakishindilia kando yake ili ikae imara. Soketi ikapata moto, ikageuka rangi ya kahawia, ikanuka plastiki iliyoungua, ikaanza kunguruma. Mchana mmoja akamwita mjomba wake, fundi umeme.

"Mpwa wangu, hapa unashona au unaua?"

"Nikichomoa, Mjomba, Mama atapumuaje?"

"Dakika tano tu. Nikishabadilisha, tunawasha."

Mjomba akazima swichi kuu. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likatanda, mashine ikanyamaza. Rafiki yangu akapiga magoti, akihesabu pumzi za mama yake. Soketi bado ilinguruma.

"Umezima kweli?" akauliza.

"Nimezima."

Mjomba akaifungua kwa mwanga wa tochi, kisha akarudi nyuma. Ndani hapakuwa na waya hata mmoja, ila utando wa buibui tu.

"Irudishe soketi, Mjomba! Nakuomba, irudishe!"

Mama akavuta pumzi, ukuta ukanguruma. Akatoa pumzi, ukuta ukanyamaza.