Kisu Kilichochelewa

Ndugu zangu wa pwani na wa bara, nawaletea habari ya nyumba moja, ili kila mmoja aende kuitazama ya kwake.

Nyumba ya Abdulcarimo, kando ya njia ya kwenda Namoto, ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi ile mkewe Zainabo alikaa mkekani akichambua mchele, akitoa vijiwe na kuvitupa, na kuku wakivikimbilia wakidhani ni chakula. Binti yao Zuleica alikuwa ndani, hatoki, maana kesho yake ilikuwa harusi. Abdulcarimo mwenyewe alinoa kisu juu ya jiwe, akijaribu makali kwa vinyweleo vya mkono wake.

Lázaro akaingia uani, upinde begani. Huyu ni jirani yao, Mmakonde aliyeteremka kutoka bara zamani na kujenga hapo.

"Hodi kwa wala pweza," alisema.

"Karibu, mla panya. Umeamka mapema, panya wamekwisha?"

"Wapo tele. Nawahurumia wakwe zako tu, hawana meno ya kuwatafuna."

Zainabo akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Wawili hawa waliwinda pamoja miaka na miaka. Lázaro alipiga mshale, Abdulcarimo alishika kisu. Ilikuwa desturi ya kijiji: mnyama akikutwa bado ana roho, Mwislamu humchinja kwa jina la Mungu, na nyama huliwa nyumba zote, za msikiti na za kanisa. Akifa kabla ya kisu ni nyamafu, na yote huwa ya Lázaro. Desturi hiyo haikuwahi kuleta neno.

Sasa sikilizeni shetani alipopitia. Gesi ilikuwa imeonekana baharini, na watu wenye kofia ngumu wakafika hata kwetu. Walikata msituni njia zilizonyooka kama uzi, wakiziita pikada, wakafunga vitambaa vyekundu kwenye miti. Maana yake hatukuambiwa. Aliyekuta kitambaa kwenye mkorosho wake hakulala, na jirani aliyekosa kitambaa naye hakulala. Kambi yao ikanunua mbuzi wote. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuchunguliana juu ya nyua.

Kwa kuwa mbuzi hawakupatikana, Abdulcarimo alikuwa amewaahidi wakwe wa mjini Mocímboa nyama ya mbawala. Ahadi hiyo ilikuwa heshima ya Zuleica ugenini. Basi jana yake jioni, alipokwenda dukani kwa Assane kununua sukari, Assane alimwinamia juu ya meza.

"Mtani wako Lázaro, nimemwona kambini na mpishi. Wanaongea Kimakonde, wanacheka. Mimi sisemi kitu. Ila kule wanakula nyama yoyote, hawaulizi nani kachinja."

"Una maana gani?"

"Si nimekwambia sisemi kitu?"

Neno hilo Abdulcarimo alilala nalo, akaamka nalo, na asubuhi ile alikwenda nalo msituni. Alimtania Lázaro kama siku zote, lakini njiani alitembea nyuma yake akimtazama kisogo.

Walimkuta mbawala dume ukingoni mwa kichaka, anakula majani. Lázaro akavuta upinde, mshale ukaenda. Mbawala akaruka, akajikunja mgongo, akapotea. Lázaro akauokota mshale uliokuwa umepita upande wa pili, akaunusa.

"Tumbo," alisema. "Damu nyeusi, na majani yaliyotafunwa haya hapa, ona. Tukae."

"Tukae?"

"Aliyepigwa tumbo hafi upesi. Tukimwacha atalala karibu, mwili utakaza, nawe utamchinja bila shida. Tukimfuata sasa atakimbia mpaka amalize roho."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo walivyofanya mara nyingi. Lakini siku hiyo Abdulcarimo alisikia jambo lingine. Tukae, ili afe. Afe, awe nyamafu. Awe nyamafu, aende kambini.

"Mimi sikai," alisema. "Harusi ni kesho."

"Abdulcarimo, mtani wangu, msikilize mbawala, usiisikilize harusi."

Hakumsikiliza hata mmoja. Aliingia kichakani na kisu mkononi, akavunja matawi, na hakwenda mbali mbawala akaamka mbele yake kutoka mahali alipokuwa amejilaza. Akakimbia. Pale alipolala pakabaki damu kidogo ya moto.

Lázaro hakumlaumu. Aliinama, akaanza kufuata. Tone kwenye jani, ukwato uliochimba mchanga, kisha tone jingine. Walivuka pikada, na katikati yake palikuwa na alama za viatu vikubwa. Abdulcarimo akazitazama, akamtazama mwenzake. Ng'ambo ya pikada damu ikawa haba.

"Tugawane," Lázaro alisema. "Wewe fuata pikada upande wa bondeni, asije akarudi kuvuka. Mimi nashika damu. Atakayemwona aite."

Mbona ananitenga, Abdulcarimo aliwaza. Akaitikia, akashika njia. Alipoona matawi yamemfunika, akarudi kwa kunyata na kumfuata Lázaro kimyakimya, kama mtu anayemvizia mwizi. Naam, ndugu zangu, mnyama wanamtafuta wawili, na yeye anamwinda mwenziwe.

Akapiga magoti nyuma ya mkwaju mdogo, akachungulia. Lázaro alikuwa amemfikia mbawala. Mnyama alikuwa amelala, anahema, macho wazi. Abdulcarimo akangoja amwone anafanya nini. Lázaro akaweka upinde chini. Akamshika pembe, akamkandamiza bega kwa goti asiinuke, akapaza sauti kuelekea bondeni:

"Abdulcarimo. Kisu. Njoo, bado yu hai."

Ilikuwa hatua chache tu. Lakini angetokeaje hapo? Lázaro angejua mara moja kwamba alikuwa akipelelezwa. Basi akarudi nyuma kwa kuinama, akazunguka ili aonekane anatoka bondeni. Miiba ikamshika kanzu, akajinasua, akazunguka. Lázaro akaita tena, na tena, na sauti yake ikaanza kuchoka.

Alipotokea upande wa pili akihema, jicho la mbawala lilikuwa limeshaganda. Akaligusa kwa kidole. Halikupepesa.

"Amekufa sasa hivi," Lázaro alisema. "Alikungoja sana huyu."

Abdulcarimo akasimama na kisu chake kikali. Angeweza kukata shingo na kunyamaza. Wakwe wangekula, wangesifu. Lakini Mungu angekuwa anaona, na Lázaro pia. Akakirudisha kisu alani.

Lázaro akaenda kukata kamba za miti za kubebea. Alipofika kwenye ule mkwaju akasimama. Mchangani palikuwa na alama za magoti mawili, na nyayo alizozijua kama za kwake.

"Ulikuwa hapa," alisema.

Abdulcarimo akajikung'uta mchanga magotini.

"Ulidhani nini, mtani?"

Hata hapo angeweza kuuliza habari ya mpishi. Hakuuliza. Lázaro akambeba mbawala peke yake, akakataa kusaidiwa.

Harusini wakwe walikula wali kwa kunde na samaki mkavu. Shangazi mmoja wa Mocímboa akasema kwa sauti, "Kumbe mbawala wa huku wanaota mashambani kama kunde." Zuleica alisikia, akainamisha kichwa. Nyama ya mbawala Lázaro aliigawa kwa majirani wa kanisani. Kambini hakikwenda hata kipande. Na yule mpishi, Zainabo aliambiwa baadaye na wanawake kisimani, ni shemeji yake Lázaro, kaka wa mkewe Rosalina.

Siku hizi Lázaro akienda msituni, kisu anashika Sadique, Mwislamu mwingine wa kijiji. Nyama ikipatikana, nyumba ya Abdulcarimo inaletewa fungu lake, kubwa kama zamani. Lázaro husimama nje ya ua, hapigi utani. Zainabo ndiye anayetoka kupokea. Abdulcarimo hukaa ndani mpaka miguu ile iondoke.

Funzo

Shaka ikikuingia juu ya mwenzako, mwulize ana kwa ana, siku hiyohiyo. Abdulcarimo hakuharibiwa na gesi, wala na Assane peke yake. Aliharibiwa na swali alilolimeza. Na ukikosea, jitokeze papo hapo ulipo, hata kama unaona aibu. Alimpoteza mbawala kwa kumshuku rafiki, akampoteza rafiki kwa kuzunguka. Wageni wa kofia ngumu watakuja na kuondoka. Tutakaobaki ni sisi kwa sisi, na siku ya harusi na ya msiba jirani ndiye atakayetushikia pembe.