Migodi Mitatu, Kijito Kimoja

Majirani walimwita Mama Shuka kwa sababu uani kwake hapakukosa shuka kwenye kamba. Alikuwa dobi. Alifua shuka za zahanati na za nyumba mbili za wageni. Maji aliyapata kwenye kijito nyuma ya nyumba. Yalikuwa maji mazuri, sabuni ilitoa povu upesi.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Tajiri wake alipoliuza lori, yeye akawa dereva wa ndoo. Alimchotea mkewe maji, na kulalamika njia nzima.

Asubuhi moja Mama Shuka alianika shuka za zahanati, akaingia ndani kuinjika chai. Alipotoka, shuka zilikuwa na madoa meusi. Alipangusa doa moja kwa kidole. Likawa mchirizi mrefu.

"Nani kachoma takataka?" aliuliza kwa hasira.

"Sioni moshi," alisema mumewe. "Hilo ni vumbi la kule kilimani."

Kilimani kampuni moja ilikuwa imechimba shimo la majaribio. Ilikuwa ikitafuta makaa ya mawe. Siku hiyo upepo ulivuma kutoka huko.

Mama Shuka alifua upya. Shuka zikachafuka tena. Alizipeleka hivyo hivyo, na mhudumu wa zahanati akazikataa.

"Mama, nimlaze mgonjwa mwenye kidonda juu ya masizi?" alisema mhudumu.

Mama Shuka alirudi nyumbani na mzigo wake kichwani. Aliutua mbele ya mumewe.

"Haya ni madhara ya shimo la kujaribia tu," alisema. "Mgodi wenyewe ukianza, itakuwaje?"

"Mgodi ukianza nitapata kazi. Wameniahidi lori. Au unataka tule shuka?"

"Na wewe unataka tunywe makaa?"



Kesho yake alikuja jirani yao, mwanamke mstaafu. Alikuwa amefanya kazi ya kukagua visima na bucha kwa miaka mingi, kwa hiyo watu walimwita Bibi Afya.

"Nilisikia mnagombana," alisema.

"Hatukugombana, Bibi," alijibu mume. "Tulikuwa tunazungumza."

"Basi mazungumzo yenu yaliwatoa kuku wangu bandani. Lakini jambo lenyewe ni la maana. Mmesikia habari za tathmini ya mazingira?"

"Ndiyo nini?" aliuliza Mama Shuka.

"Kabla mgodi haujapewa kibali, wataalamu wanachunguza. Mgodi utafanya nini kwa maji, kwa hewa, kwa ardhi na kwa watu? Wanaandika ripoti. Kisha ninyi mnaoishi hapa mnaelezwa ripoti hiyo, na mnasema yenu. Hiyo ni haki yenu. Si fadhila ya mtu."

"Mbona sisi hatujaambiwa?"

Bibi Afya alicheka, lakini si kwa furaha. "Tangazo lipo. Limebandikwa mjini, kwenye ofisi ya mazingira, nyuma ya mlango. Na mlango wenyewe hushinda wazi."

Mama Shuka alisonya.

"Ngoja, bado," alisema Bibi Afya. "Si mgodi mmoja. Ni mitatu. Kampuni tatu, ripoti tatu. Kila ripoti inasema, 'Mgodi huu utatumia maji kidogo tu. Madhara ni madogo.'"

"Si vizuri basi?" alisema mume.

"Watachota wapi hayo maji?"

"Kijitoni."

"Kijito gani?"

Mume aligeuka kutazama nyuma ya nyumba. Kijito kilikuwa kimoja tu.

"Mtoto wako ana kikombe cha maziwa," alisema Bibi Afya. "Wageni watatu wanakuja. Kila mmoja anasema, 'Mimi naomba kidogo tu.' Wote wana adabu. Wakishaondoka, mtoto atakunywa nini?"

"Huo ni ujanja!" alisema Mama Shuka. "Wamelikata tatizo vipande ili lionekane dogo!"

"Ndiyo hivyo. Sasa, kuna kikao cha wananchi. Nendeni. Semeni mnayoyaona kwa macho yenu. Ulizeni, na mwombe swali liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Asiyependa kusema mbele za watu, aandike. Asiyejua kuandika, aandikiwe. Kelele huenda na upepo. Lililoandikwa linadai jibu."

Mama Shuka na Bibi Afya walipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani. Mume hakufuatana nao. Kampuni ile ya kilimani ilikuwa imempa kofia, akaambiwa akae na wenzake upande wa kushangilia.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Ofisa wa mazingira alikuwa mwenyekiti. Msemaji wa kampuni ya kwanza alizungumza kwa muda mrefu juu ya ajira na maendeleo. Wenye kofia wakapiga makofi.

Mama Shuka alisimama.

"Mimi ni dobi," alisema. "Nina swali moja. Migodi yote mitatu ikichota maji kwenye kijito chetu wakati wa kiangazi, kitabaki nini?"

"Leo tunajadili mgodi wa kwanza tu," alisema mwenyekiti. "Wa pili una kikao chake. Na wa tatu vilevile."

"Mheshimiwa, vikao vitakuwa vitatu, lakini kijito ni kimoja."

Watu walinong'ona. Msemaji alitabasamu.

"Mama, sisi tumehesabu maji yetu. Ya wenzetu si kazi yetu."

"Ni kazi ya nani?"

Msemaji alifunua karatasi zake.

"Na vumbi je? Zahanati imekataa shuka zangu."

"Dobi anaweza kufua popote," alisema msemaji. "Hamia kwingine, mama. Au badilisha kazi."

Wenye kofia walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Kaa chini! Una wivu na maendeleo!"

Hapo mumewe alisimama. Aliivua kofia, akaiweka kwenye kiti.

"Mnayemcheka ni mke wangu," alisema. "Tangu lori liuzwe, ndiye anayenilisha."

Kicheko kilikatika.

"Kazi naitaka, sifichi. Leseni ninayo na mikono ninayo. Lakini mke wangu ameuliza swali moja tu, nanyi mmemjibu kwa matusi. Mnataka maji yetu, halafu mnasema kuyahesabu si kazi yenu! Hii ni dharau gani? Mmetuona sisi ni magogo?"

Ukumbi ulilipuka. "Jibuni! Jibuni!" watu walipiga kelele. Mwenyekiti aligonga meza mpaka mkono ukamuuma.

Kelele zilipopungua, Bibi Afya alisimama. "Mwenyekiti, swali hilo liandikwe. Pia tunaomba migodi yote mitatu ifanyiwe tathmini moja. Maji yapimwe wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Na ripoti isomwe kwetu, kwa lugha yetu."

Karani alimtazama mwenyekiti.

"Andika," alisema mwenyekiti.

Njiani kurudi, Mama Shuka alimwuliza mumewe, "Na lori uliloahidiwa?"

"Limeshakwenda hilo."

"Unajuta?"

"Najuta kukaa upande ule."

Wiki hiyo watu walikusanyika barazani kwa Bibi Afya. Fundi baiskeli aliandika juu ya kikohozi cha wanawe. Muuza mboga, ambaye hakujua kuandika, aliandikiwa juu ya bustani zake. Mume wa Mama Shuka alizipeleka barua zote mjini. Alikataa kuondoka mpaka kila moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, naye apewe nakala.

Walingoja sana. Hatimaye ofisi ya mazingira ikatoa amri. Shimo la majaribio lilifukiwa. Ripoti zote tatu zilirudishwa, na uchunguzi mmoja ukaanza upya. Wapimaji walikuja kijitoni masika, wakarudi kiangazi. Safari hii walipita majumbani pia, wakauliza watu.

Kikao kipya kilifanyika kwenye uwanja wa shule, karibu na nyumbani. Ripoti ilisomwa kwa lugha iliyoeleweka hata na watoto. Ilisema wazi: migodi yote mitatu ikichimbwa, kijito kitakauka kila kiangazi. Baadaye migodi miwili ilinyimwa kibali. Wa tatu uliambiwa utafute maji kwingine, uzuie vumbi, na upitishe malori mbali na makazi. Ukishindwa, nao hautapata kibali.

Wakati huo mume alikuwa ameshapata lori la kubeba matofali. Lilikuwa bovu, lakini breki zilishika. Na shuka za zahanati zilirudi kwenye kamba za mkewe.

Siku ile ya kikao cha uwanja wa shule, watu walipoanza kutawanyika, yule msemaji wa kampuni ya kwanza alimfuata Mama Shuka. Safari hii hakutabasamu.

"Mama, tumepata hasara kubwa," alisema. "Kama mngetuambia haya mapema, tusingefika hapa."

Mama Shuka alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Na ninyi," alisema, "mlituuliza lini?"