Nyanya Zilizokufa kwa Maji

Nyumba ya muuza maji ilikuwa na shida zote isipokuwa ya maji. Kila jioni alirudi na mkokoteni wake, na kila jioni dumu moja lilikuwa limekosa mnunuzi. Hilo alilipeleka kwenye nyanya za mkewe.

"Kunyweni, wanangu," aliziambia, akimwaga dumu zima. "Kwangu mimi hamfi kiu!"

Miche ilikuwa mitano, nyuma ya jiko. Mbegu zake aliziacha marehemu mama mzazi wa mkewe, na zilikuwa za mwisho. Miche hiyo ikifa, basi tena, nyanya za yule mama zimekwisha.

Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa ya manjano na kunyauka.

"Ni jua hili," alisema muuza maji, akaongeza dumu la pili. Mtu mwema, moyo mweupe, lakini kuomba ushauri, ng'o!

Miche miwili ikafa. Mkewe aliing'oa, akakaa nayo mapajani akilia. "Ni kama namzika mama mara ya pili," alisema.

Muuza maji akaenda mbio kumwita jirani yao, mama aliyetunza bustani ya hospitali.

Yule mama alikuja na kandambili zake, akachukua mche mmoja uliokufa, akaunusa mzizi.

"Nusa na wewe, shemeji."

Alinusa, akakunja uso. "Umeoza!"

"Mizizi nayo inapumua. Udongo ukijaa maji muda wote, inakosa hewa, inaoza. Ikioza, haiwezi kunywa tena. Ndiyo maana majani yananyauka kama yana kiu, na wewe unazidi kumwaga."

"Kwa hiyo muuaji ni mimi?"

"Wewe na dumu lako," alijibu mkewe, na hapo hapo akacheka kidogo na machozi yake.

"Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo," alisema jirani. "Hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, siyo juu ya majani."

Siku ile ile waliinua tuta, wakachanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza. Wakachimba mfereji wa kutoa maji. Kisha wakahamisha miche mitatu iliyobaki.

Muuza maji aliizunguka jioni nzima. "Hata kikombe kimoja?"

"Hata kijiko!" alisema mkewe.

Mche mmoja haukupona. Miwili ilitoa majani mapya, ikachanua. Kila asubuhi muuza maji alichomeka kidole chake, hadi wateja wakamtania kwamba kucha zake ni za mkulima.

Nyanya ya kwanza ilipoiva, mkewe aliikata vipande. Akaonja, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ni ya mama."

Muuza maji akachukua kipande chake, akakitia mdomoni.

"We! Usimeze!" mkewe alimkingia kiganja mbele ya kidevu. "Nyama kula. Mbegu lete hapa."

Akatafuna polepole, akizitema moja moja, na mkewe akihesabu kwa sauti. Kutoka kipande kimoja tu zilitoka kumi na saba. Mkewe akazisuuza, akazianika kivulini.