Jirani Aliyenihesabia Mateke

Jioni ile nilitoka kwenda kununua kiberiti. Si cha kuwashia jiko. Cha kumhesabia mtoto.

Mimba ilikuwa imetimiza wiki thelathini. Nesi wa kliniki, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi upande, alikuwa ameniandikia kwenye kadi tarehe ya kujifungua, akaizungushia duara mara mbili. Kisha akanifundisha.

"Kila jioni lala ubavu wa kushoto, uhesabu mateke. Teke moja, njiti moja ndani ya kopo. Zikifika kumi, amka ukapike. Saa mbili zikipita hazijafika kumi, usipike, usioge, njoo hapa." Akanitazama juu ya miwani. "Na usihesabu kwa kichwa. Kichwa cha mjamzito ni ndoo iliyotoboka."

Mwenye duka alinivutia kreti nikae kabla hata sijasema ninachotaka. Nilipomweleza kazi ya kiberiti akacheka.

"Basi huyo atazaliwa anajua hesabu, mama kijacho. Mwalimu wake atapumzika."

Nilicheka naye. Halafu nikarudi chumbani, na kicheko kikaishia mlangoni.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuwa akipiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Siku nyingine zote nilikuwa mimi, pasi yangu, na nguo za watu za kunyoosha. Chumba tulikuwa tumekipanga miezi miwili tu. Kilipakana na chumba kingine, lakini mlango wa kile ulitazama uchochoro wa nyuma, na mimi na tumbo langu hatukuwa na safari za uchochoroni.

Nikalala ubavu wa kushoto, uso ukutani. Saa kumi na mbili jioni. Teke la kwanza, njiti. La pili, njiti. La tatu lilikuwa la nguvu, nikatabasamu peke yangu. Likaja jingine…

"Nne," ukuta ukasema.

Sauti ya mwanamke. Ya chini, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Nani?"

"Jirani yako, mama kijacho. Nakuhesabia tu, usije ukasinzia."

"Umejuaje nimefika nne? Sijatamka."



"Ukuta ni mwembamba," akasema.

Jibu lile lilinitosha. Mtu mpweke hachagui sauti.

Tukawa hivyo kila jioni. Yeye akihesabu, mimi nikidondosha njiti koponi. Alijua mambo. Aliniuliza kama nimenunua beseni. Akaniambia nepi nizipinde upindo mara mbili, uzi usimchubue mtoto. Wiki ya thelathini na nne akasema, "Sasa anajigeuza, atakupiga mbavuni," na kabla sijajibu nikapigwa mbavuni. Wakati mwingine, akiongea, ilikuja harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Nikajisemea, kumbe jirani yangu ni fundi. Nilianza kusubiri jua lizame kama mtu anayesubiri mgeni.

Jioni moja akaniuliza polepole:

"Akizaliwa, utaniletea nimpakate?"

"Sasa jirani, hilo nalo la kuuliza?"

"Kidogo tu. Mpaka kumi."

"Nitamleta. Nakuahidi."

Nilisikia akivuta pumzi ndefu. Niliahidi kama unavyomwahidi jirani yeyote chumvi. Haraka, bila kufikiri.

Ilikuwa wiki ya thelathini na nane, siku kumi na mbili kabla ya lile duara kwenye kadi. Nilikuwa nimenyoosha mashuka tangu asubuhi. Miguu imevimba. Nikalala, nikadondosha njiti ya kwanza, ya pili, ya tatu… Ya nne niliidondosha macho yakiwa yamefumba. Nikajisemea, naye amechoka, amelala. Nikaacha usingizi unichukue.

"Mama kijacho."

Nikavuta shuka.

"Mama kijacho. Amka."

"Nimechoka, jirani. Kesho."

"Tatu. Tangu saa kumi na mbili, tatu tu."

"Nimeweka nne."

"Ya nne umejidanganya." Sauti ilikuwa karibu sana, kana kwamba ukuta umetolewa. "Na mimi nilijidanganya."

Kisha ngumi. Moja, mbili, tatu, ukutani, mpaka kopo likaanguka na njiti zikatawanyika sakafuni.

"Nenda. Usilale. Mimi nililala."

Nilitoka na kanga moja na ndala zisizofanana. Mwenye duka aliponiona aliacha mzani na sukari juu yake, akawasha pikipiki, akaniendesha taratibu kila penye shimo, akisema, "Pole mama, pole, tunafika."

Nesi alinipaka mafuta tumboni, akaweka kile chombo cha kusikilizia. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Baadaye nilichokikumbuka ni mkono wake ukishika wangu, na taa za chumba cha upasuaji.

Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Alitoka mzima. Msichana.

"Ungelala mpaka asubuhi," nesi akaniambia, akifuta miwani yake, "tungekuwa na maongezi mengine."

Niliporudi nyumbani, mama mwenye nyumba aliniletea uji. Alikuwa ameshanifulia hata mashuka. Nikamwambia, "Mama, nina ombi moja tu. Nipeleke upande wa pili nikamshukuru jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyo fundi cherehani."

Akaweka bakuli chini.

"Nani kakwambia habari za fundi?"

Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa harufu tu.

Akakaa kitandani kwangu, akiutazama ukuta. "Alikuwa mpangaji wangu, mwanangu. Peke yake kama wewe. Akishona nguo za watoto. Mimba ilikuwa karibu kabisa. Asubuhi moja nikamkuta amekaa tu, ananiambia, mama, mtoto amelala sana. Tangu jana amelala." Akapapasa ukuta kwa kiganja. "Aliporuhusiwa hospitali alirudi kuchukua cherehani yake. Nilimwona akiingia. Cherehani ipo mpaka leo. Yeye sikumwona akitoka, na nilipofungua hamkuwa na mtu. Mwaka wa tatu sasa, chumba kile nimekifunga."

Jioni ile, saa kumi na mbili, mtoto aliacha titi. Akageuza shingo. Ana siku sita, na akageuza shingo akatazama ukuta.

"Uliniahidi," ukuta ukasema.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Haikuwa sauti ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonikosesha amani. Ilikuwa ya mtu anayeomba. Mtoto hakunyonya mpaka giza liingie, na siku ya nne nikaona mashavu yake yanashuka.

Ahadi ni deni. Nikaenda kuomba ufunguo.

Chumba kilikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa juu ya kiti. Cherehani ilifunikwa shuka. Pembeni, rundo la vigauni vidogo, vyote pindo mara mbili. Na juu ya meza, njiti za kiberiti zimepangwa sawasawa.

Tatu.

Nikasimama mbele ya kile kiti, nikanyoosha mikono yenye mtoto. Nilitaka kusema asante.

"Moja," sauti ikasema.

Mtoto akawa mwepesi kidogo, kama mtu amenipokea mzigo upande mmoja.

"Mbili. Tatu."

Harufu ya kitambaa kipya. Mtoto hakulia. Alikuwa akitazama juu, mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa.

"Nne… tano… sita…"

Alikuwa akitabasamu. Mtoto wa siku tisa.

"Saba… nane…"

Mikononi nilibaki kama nimeshika shuka tupu. Namwona, lakini simhisi.

"Tisa."

Nikasubiri.

Nikasubiri…

Kumi haikuja. Nilisikia tu pumzi, taratibu, za mtu aliyeinamisha shavu juu ya kitu anachokipenda. Nikaelewa kwamba hataisema. Si leo, si kesho.

"Kumi," nikasema mwenyewe.

Uzito ukarudi ghafla, nikapiga goti. Mtoto akalia kilio cha njaa. Nyuma yangu, nikiwa nimeshafika mlangoni, nikasikia:

"Kidogo tu, mama kijacho. Sijamaliza."

Tulihama mume wangu aliporudi safari. Nilimwambia ni unyevu, mtoto anakohoa. Mwenye duka alitubebea godoro na hakutaka hata soda.

Simchukii yule mwanamke. Kila ninapomwogesha mwanangu namshukuru, maana bila yeye beseni hili lingekuwa kavu. Nafikiri angekuwa mama mzuri. Angekuwa na mtu wa kumgongea ukuta, angekuwa mama mzuri.

Mwanangu alichelewa kusema. Wenzake walishaita mama na baba, yeye kimya. Wiki iliyopita, jua likizama, nilikuwa napiga pasi. Akatambaa mpaka kwenye ukuta wa nyumba hii mpya, akaweka kiganja. Nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani.

Akasema neno lake la kwanza.

"Tisa."

Pasi iliunguza shati la watu. Nikasema kumi, kwa sauti, mara mbili.

Akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyekatizwa maongezi.