Video ya Kiwango cha Tatu

Duka la vifaa vya michezo lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana kama vitu vinagawiwa bure, na katikati ya purukushani hiyo fundi makochi alikuwa amekalia mpira wa mazoezi, magoti yamemfika karibu na kidevu.

"Kaka, huo ni wa mtoto," sauti ilisema nyuma yake. "Ukikaa, mapaja yanatakiwa yalale sawa. Jaribu ule mwekundu."

Aligeuka. Mwanamke wa gauni la kijani na raba nyeupe, nywele kazifunga juu harakaharaka, macho yanacheka kabla ya mdomo. Fundi akasahau mgongo uliomleta dukani.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Mimi ni mtaalamu wa viungo. Migongo kama huo wako ndiyo riziki yangu."

"Basi leo riziki imekufuata yenyewe."

Akacheka, na walipofika mbele ya foleni ya kulipia walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mtaalamu alikuwa na utaratibu wake. Hakumtumia mtu video yoyote ya mazoezi ya mpira kabla ya kumhoji. Unaweza kukaa bila kushika ukuta? Ukiinua mguu mmoja unatetemeka? Panauma wapi? Majibu ndiyo yaliyochagua. Kiwango cha kwanza kilikuwa cha wanaoanza, kukaa tu juu ya mpira na kuzungusha kiuno taratibu. Cha pili ni kwa waliokwisha kukaza tumbo. Cha tatu, Mungu atunusuru, miguu juu ya mpira, mikono sakafuni, mwili umenyooka kama ubao.

Fundi alipewa cha kwanza. Aliyekuwa akifundisha ndani yake alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta.

"Mpenzi," alilalamika kwenye simu, kwani mapenzi yalikuwa yamekwenda mbio kuliko mazoezi, "hii umenitumia mimi au shangazi yangu?"

"Wewe, roho yangu. Mgongo wako na wa shangazi ni mtu na pacha wake."

Alicheka wakati ule. Kicheko kilikatika siku mtaalamu alipokuja karakana kumtazama akishona kitambaa cha kochi. Simu ya mtaalamu iliita, na kwenye kioo ikatokea picha ya golikipa mmoja, fulana imembana, kifua kama mlango wa kabati.

"Dada, ile ya jana imenimaliza!" golikipa alipaza sauti kwa furaha. "Nitumie nyingine kali zaidi!"

"Umeiweza yote? Wewe ni kiboko!" Mtaalamu alikuwa amesimama, uso unang'aa.

Kiboko! Fundi aliiuma sindano kwa meno. Yeye hajawahi kuitwa hata swala. Tangu hapo akambatiza yule golikipa jina la Kifua, na Kifua akahamia kichwani mwake bila kulipa kodi. Akishona, Kifua. Akila, Kifua. Mpenzi wake asipopokea simu, basi yuko na Kifua, tena wanacheka. Jamani, wivu ukimkalia mwanamume hubaki na akili ya kuku.

"Cha kwanza nimemaliza," alimpigia kumwambia.

"Mapema hivyo? Hutetemeki?"

"Mimi? Kama nguzo."

"Hapaumi?"

"Hata kidogo, laazizi."

Uongo mtupu. Asubuhi alikuwa akivaa soksi amelala. Lakini mtaalamu aliamini, akatuma cha pili, na kwa majigambo yaleyale, cha tatu.

Fundi alisogeza makochi, akapandisha miguu juu ya mpira. Mpira ukaenda zake. Yeye akaenda upande mwingine, na mgongo ukatoa mlio aliousikia mpaka kwenye meno. Dada yake mkubwa alimkuta chini, uso umelala kwenye vipande vya sponji.

"Usimwambie," fundi aliomba.

Dada alikuwa ameshapiga. "Wifi, njoo umwone mtu wako. Video yako imemvunja."

Mtaalamu alifika, akamhudumia, akaondoka. Baada ya hapo akawa hapokei simu. Habari zilipitia kwa dada: amekataa kuwachagulia wagonjwa video, amemwomba mkuu wa zahanati anakofanya kazi ampe kazi ya kupokea watu mlangoni. Anasema amemwumiza mtu anayempenda, hana haki ya kugusa mgongo wa mwingine.

Fundi alilia, tena kwa sauti. Kisha akajikokota mpaka zahanati, amepinda, na kusimama mbele ya meza ya mtaalamu huku wagonjwa wakitazama.

"Si kosa lako. Nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Yote. Nilikuwa natetemeka. Paliuma tangu siku ya kwanza."

Mtaalamu aliinuka polepole. "Kwa nini ulinifanyia hivyo? Nilichagua kwa mwili ulioniambia unao!"

"Nilikuwa na wivu. Kifua... yule golikipa. Nilitaka na mimi uniite kiboko."

Mama mmoja kwenye benchi aliguna. Mtaalamu hakucheka.

"Ni kweli alinitaka," alisema. "Nilimwambia nina mtu wangu. Ungeniuliza tu, ungejua."

Maneno yale yalimchoma fundi kuliko mgongo. Mwenziwe alikwisha kumchagua, na yeye akamlipa kwa kumfanya ajione muuaji.

"Nisamehe."

"Akinipigia tena, utafanyaje?"

Jibu zuri lilimjia, la mwanamume mwenye kifua kipana. Akalimeza.

"Nitanuna."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uniambie alichotaka. Nakupenda, na wivu ninao, na huu mgongo unaniua. Sina kingine cha kusema."

Mtaalamu alizunguka meza, akamshika kiuno kwa mikono miwili, mbele ya benchi zima, naye machozi yanamtiririka.

"Basi Jumapili uje nyumbani, uzungumze na baba yangu," alisema. "Naye akikuuliza hali yako, mwambie panapouma."