Luciana na Jeraha la Jembe

Kila asubuhi kabla ya masomo, wanafunzi wa shule ya Misigiri walipalilia mtama katika shamba la ujamaa. Siku moja jembe lilimponyoka Luciana, binti wa darasa la sita, likamkata muundi. Alishindilia udongo kwenye jeraha ili kuzuia damu, akalifunga kwa kitambaa. Hakumwambia mtu, maana aliogopa kuondolewa katika kundi la ngonjera za Saba Saba.

Mama yake, Cecilia, alimwona akichechemea. Alipomwuliza, alijibiwa kuwa ni mwiba. Alipomwuliza tena, alijibiwa kuwa ni uchovu. Mwishowe homa kali ikamwangusha binti. Cecilia alipokifungua kile kitambaa, alikuta mguu umevimba na kuwa mweusi, unanuka uvundo.

Katika hospitali ya wilaya, daktari alisema uozo umeingia ndani ya nyama. Lazima apasue, aondoe nyama iliyokufa, na ampe penisilini. Angemvutisha pia oksijeni kutoka kwenye mtungi, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya uozo huo hustawi pasipo na hewa.

Luciana akadakia, "Basi nipeni hewa tu, msinikate."

Cecilia alishusha pumzi. "Juzi mwiba, jana uchovu, leo umekuwa daktari."

Muuguzi Redempta akamweleza, "Oksijeni husafirishwa na damu, na nyama iliyokufa haipitiwi na damu. Hewa hii ni msaidizi tu. Kisu na dawa ndivyo vyenye kazi."

Baada ya kupasuliwa, Luciana alivishwa usoni kinyago cha mpira kilichounganishwa na mtungi. Kilimwasha, kikamchosha. Kila Redempta alipogeuka, yeye alikivua. Redempta alikirudisha, naye akakivua tena, mpaka muuguzi akaketi kitandani kwa kuchoka.

"Mtungi huu umeletwa kwa lori kutoka Singida mjini, na mwingine hatuna. Unavuja bure. Huo mguu ni wako au ni wangu?"

Luciana akakirudisha usoni. Alikishika kinyago kwa mkono wake mwenyewe mpaka usingizi ukamchukua.

Uvimbe ulipungua polepole. Saba Saba ikapita yeye yuko wodini, akilia kila kidonda kiliposafishwa. Siku ya kuruhusiwa alimwomba mama yake radhi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Cecilia alisema, bado amekunja uso. "Safari hii daktari amekiwahi. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, mama." Luciana akasita kidogo. "Na hiki kiatu kimenitoa lengelenge."

Cecilia aliguna, akainama kulitazama.